Nywila Hazikai Kichwani

Kila inapovuma habari ya kampuni kudukuliwa, husikika kauli ile ile: nywila salama ni iliyo kichwani mwa mwenyewe, na anayezikusanya zote katika programu moja amejitakia. Kauli hiyo ina sura ya tahadhari, ndiyo maana inakubalika hata kwa watu wanaoshinda mbele ya kompyuta. Nami nasema inawaponza wengi kuliko inavyowakinga, kwa sababu inadai kumbukumbu ambayo binadamu hana. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Microsoft, Dinei Florêncio na Cormac Herley, walichapisha matokeo ya kufuatilia matumizi ya nywila ya watu wapatao nusu milioni. Mtu wa kawaida alikuwa na akaunti 25 hivi zinazodai nywila, lakini nywila zenyewe zilikuwa sita au saba tu, kila moja ikitumika kwenye akaunti karibu nne. Hiyo ilikuwa kabla ya simu janja kuenea, kabla ya benki, shule na mamlaka ya kodi kumtaka kila mtu awe na akaunti. Kichwa kikizidiwa hakisemi kimezidiwa. Huchukua jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, kikaongeza alama ya mshangao, kisha kikatumia mchanganyiko huo kila mahali.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2023 kwa wateja wa 23andMe, kampuni ya Marekani inayopima vinasaba na kuwaeleza watu asili zao. Wezi walichukua barua pepe na nywila zilizokwisha kuvuja kutoka tovuti nyingine, wakazijaribu moja baada ya nyingine, na zikakubali katika akaunti zipatazo 14,000. Kwa kuwa mfumo ule unawaunganisha wateja na jamaa zao wa damu, taarifa za watu takriban milioni 6.9 zikachotwa. Wengi wa hao hawakuwa wamerudia nywila yoyote pale. Aliyerudia alikuwa ndugu wa mbali ambaye huenda hawajapata kuonana naye.

Wanaotetea kichwa wana ushahidi mmoja mzito, nao ni LastPass, kampuni yenye programu ya kutunza nywila. Mwaka 2022 wadukuzi walimwandama mhandisi mwandamizi wa kampuni hiyo, wakapandikiza kwenye kompyuta yake ya nyumbani programu inayonasa kila herufi anayobonyeza, na kwa njia hiyo wakazifikia nakala za akiba za hazina za wateja. Desemba 22 mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba nakala hizo zimechukuliwa. Nywila zilikuwa zimesimbwa. Anwani za tovuti hazikusimbwa. Kwa hiyo mwizi aliyeshika hazina ya mtu aliweza kusoma, bila jasho lolote, benki anayotumia, kliniki anayotibiwa na soko la sarafu za kidijitali alikojiandikisha, kisha akachagua ni nani anayefaa kusumbukiwa. Tena akaunti za zamani ziliachwa na kinga hafifu. Kila nywila kuu, yaani ile inayofungua hazina nzima, inapobahatishwa humlazimu mwizi kurudia hesabu mara nyingi. Kampuni ilikuwa imeweka kiwango cha marudio 100,100, lakini baadhi ya wateja wa siku nyingi waligundua kwamba wamebaki kwenye 5,000 au chini ya hapo. Machi 2025 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani huko California waliuhusisha wizi wa sarafu za kidijitali wa takriban dola milioni 150, uliofanyika Januari 2024, na udukuzi wa mwaka 2022 wa programu ya mtandaoni ya kutunza nywila.

Ushahidi huo naukubali wote, ila hukumu inayotolewa juu yake siikubali. Kilichowaumiza wateja wale ni mtunzaji aliyeweza kusoma asichohitaji kusoma, na aliyezembea kupandisha kinga za watu waliomwamini tangu mwanzo. Tiba ya hilo ni kuhamia kwa mtunzaji anayejua machache zaidi kukuhusu. Bitwarden inasimba hata anwani za tovuti ndani ya kifaa chako kabla ya chochote kupelekwa kwenye seva, na msimbo wake uko hadharani, hivyo mtaalamu yeyote anaweza kuukagua. KeePassXC inakwenda mbali zaidi: hazina ni faili lililo mikononi mwako, hakuna kampuni inayolishika. 1Password, kwa upande wake, haijaweka msimbo wake wazi, na kwa wapenzi wa programu huria hilo ni doa. Hata hivyo, inaongezea nywila yako ufunguo wa siri unaoundwa kwenye kifaa chako na ambao kampuni hainao, kiasi kwamba anayeiba hazina kutoka kwenye seva hawezi kuifungua kwa kubahatisha. Kwangu kinga hiyo ina uzito kuliko doa hilo.

Wapo wanaosema hawana cha kuficha, basi orodha ya tovuti ina ubaya gani? Waambie waitundike orodha hiyo ukutani ofisini kwao, yenye kliniki, mkopeshaji na jukwaa la siasa, kisha tuendelee kuzungumza. Wengine wanahofia kuisahau nywila kuu na kupoteza kila kitu. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni karatasi: iandike, uiweke nyumbani pamoja na hati zako. Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa mitandao, alishauri watu waandike nywila zao tangu mwaka 2005, na daftari lililofungiwa kabatini nalithamini kuliko kichwa kinachorudia nywila moja. Kuhusu gharama, KeePassXC ni ya bure kabisa, na Bitwarden ina huduma ya bure inayomtosha mtu wa kawaida. Na kama kompyuta yenyewe imeingiliwa na programu ya kunasa herufi, hakuna mtunzaji atakayekuokoa. Lakini hata nywila ya kichwani lazima ubonyeze herufi zake.

Kuhama kwenyewe kuna mtego ambao watetezi wa programu hizi wanaupitia haraka mno. Programu ya zamani ikikutolea nywila zako ili uzipeleke kwenye mpya, kwa kawaida hukupa faili ambalo halijasimbwa. Yeyote anayelifungua anasoma yote. Usilitume kwa barua pepe wala WhatsApp. Liingize kwenye programu mpya, hakikisha kila kitu kimefika, kisha lifute, pamoja na nakala iliyojificha kwenye folda ya vilivyopakuliwa au kwenye hifadhi ya wingu. Na aliyekuwa na akaunti LastPass mwaka 2022 asidhani kuhama peke yake kumemaliza kazi. Hazina iliyochukuliwa bado iko kwa wezi, ikiwa na nywila za wakati ule, na kuibahatisha hakuna tarehe ya mwisho. Abadilishe nywila zenyewe, moja moja, akianza na ya barua pepe, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotumika kuzirudisha nyingine zote, kisha za fedha. Zilizobaki zitamchukua jioni kadhaa.