KABLA YA MALAKI 3:10 KUNA MALAKI 3:5

Leo sitaandika neno la kukubembeleza. Ukisoma mpaka mwisho ukakasirika, nipigie simu, namba yangu unayo.

Wiki jana niliongezwa kwenye group ya WhatsApp ya kuchangia matibabu ya mzee mmoja, fundi wa stima. Nimemwomba ruhusa niandike haya, na jina lake nimeliacha. Ana miaka 61. Ukitoka hapa Kibwezi mjini ukashika barabara ya Kitui jioni, nyingi ya zile nyumba unazoona taa zimewaka, ni mkono wake uliovuta waya. Amepanda ngazi mpaka magoti yakakataa. Miaka 19 alifanya kazi chini ya mkandarasi mmoja, ndugu yetu katika wokovu, mtu ambaye sijawahi kumwona akikosa kutoa zaka. Mkandarasi huyo alituma 5,000 kwenye ile group. Watu wakamwekea makofi na kuandika "Mungu akuzidishie." Hata mimi niliweka makofi. Kisha nikapiga hesabu.

Kwa miaka mingi NSSF ilikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi. Mia nne. Hata kama kiwango kile kisingepanda, miaka 19 ni shilingi 91,200, na hapo sijaweka faida. Mzee alipoenda kuuliza, aliambiwa hana hata senti moja. Hakuwahi kuandikishwa. Kwa hivyo ile 5,000 tuliyopigia makofi haikuwa msaada. Ilikuwa sehemu ndogo ya deni, imelipwa mbele ya watu, na mwenye deni akasifiwa.

Sasa tufungue Biblia. Sisi Wapentekoste Malaki 3:10 tunaijua usingizini. Ghala, madirisha ya mbinguni, baraka hadi nafasi ikosekane. Nimeihubiri mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini rudi aya tano tu nyuma, ukurasa ni ule ule. Hapo Mungu anasema atakuja kuhukumu, na anataja watu atakaowashuhudia: wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na wale wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake. Umesikia amewekwa kundi gani? Mwajiri anayemla mfanyakazi amepangwa mstari mmoja na mchawi. Ni lini mara ya mwisho umesikia hiyo ikisomwa wakati wa sadaka? Mimi mwenyewe sijawahi kuisoma saa hiyo.

Na kama unadhani "mshahara" ni ile pesa ya Jumamosi peke yake, soma Kumbukumbu la Torati 15:13-14. Mtumishi akimaliza miaka yake, Mungu anakataza kumwacha aende mikono mitupu. Anasema apewe kutoka kundini, apewe kutoka kwenye nafaka, apewe kutoka kwenye divai. Yaani kile Bwana alichokubariki wewe, yule aliyekusaidia kukipata aondoke na fungu lake. Hiyo imeandikwa maelfu ya miaka kabla Kenya haijaanzisha NSSF mwaka 1965. Labani naye alikuwa tayari kumtoa Yakobo mikono mitupu baada ya miaka 20, na Mungu akamjia Labani usiku katika ndoto. Wakandarasi wangu, ninyi mnalala vizuri?

Najua majibu yenu. Nimeyasikia kwenye ushirika wa wanaume, nimeyasikia hata kwenye matanga.

"Pastor, hao ni vibarua tu." Kibarua wa miaka saba? Kibarua ambaye funguo za stoo anazo yeye, na mkeo humtuma amnunulie ndengu sokoni? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Kumlipa kwa siku hakubadilishi hilo.

"Biashara yangu ni ndogo." Sheria ya NSSF haikuuliza kama una lori au una pikipiki. Ukiwa na mfanyakazi mmoja, wewe ni mwajiri. Leseni ya EPRA umeitundika ukutani kwenye fremu, na ni vizuri, ulihangaika kuipata. Hiyo leseni ndiyo iliyokutoa kwenye ukibarua. Mbona fundi wako hana hata karatasi moja yenye jina lake?

"Yesu alisema tusisumbukie ya kesho." Hili ndilo hunichoma. Yesu alikuwa anakuambia wewe kuhusu kesho yako. Hakukupa ruhusa ya kuchezea kesho ya mtu mwingine iliyo mkononi mwako. Halafu pickup umeilipia bima, ndugu. Huko imani ilienda wapi?

"Mafundi wenyewe hawataki kukatwa." Hili lina ukweli, na vijana, nawageukia ninyi sasa. Kuna mmoja alimwambia bosi wake, "Nipe yote mkononi, ya uzee nitajua huko mbele." Nikamuuliza ile ya mwezi uliopita iko wapi. Akacheka. Sehemu ilienda kwa soda na nyama choma, sehemu ikaenda kwenye kubeti. Kijana, ukikataa kukatwa unakataa na ile ya bosi, maana bosi hulipa yake juu ya yako. Ni mtego unaojitegea mwenyewe. Na bosi, kijana kukataa hakukuondolei wajibu. Mtoto akikataa dawa, mzazi mzuri hutupa chupa?

Basi tupige hesabu, maana wengi mnaogopa kitu ambacho hamjakihesabu. Sheria mpya ilipitishwa 2013, ikalala mahakamani karibu miaka kumi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Sasa ni asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri. Fundi wa 25,000 kwa mwezi anakatwa 1,500, nawe unaongeza 1,500 zako. Inakuwa 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni 720,000 kabla ya faida, na mshahara ukiwa haujapanda hata kidogo. Ukiwa na mafundi wanne wa mshahara huo, sehemu yako wewe ni 6,000 kwa mwezi. Kuna watu hapa nimepokea kwao bahasha ya shukrani ya 10,000, na mafundi wao wanne hawajaandikishwa. Sijui ile bahasha ilikuwa yenu au yao.

Mchango huo umegawanywa mara mbili. Daraja la kwanza, sehemu inayohesabiwa kwa shilingi za chini za mshahara, lazima liende NSSF. Daraja la pili linaweza kwenda NSSF pia, ama mwajiri akiomba kwa RBA, ile mamlaka ya mafao ya kustaafu, akakubaliwa, alipeleke kwenye mfuko wa binafsi uliosajiliwa. Iko mifuko inayobeba waajiri wengi chini ya mwamvuli mmoja, kwa hivyo mwenye mafundi watatu halazimiki kuanzisha mfuko wake. Kama hayo yanakuumiza kichwa, peleka yote NSSF uanze. Utachagua baadaye.

Na kuanza si safari ya Nairobi. Unajisajili kama mwajiri kwenye tovuti yao, unasajili kila fundi kwa kitambulisho chake, mwezi ukiisha unajaza orodha na kulipa kabla ya tarehe 9 kupita. Kijana yeyote wa cyber hapa mjini atakusaidia. Ukichelewa kuna faini juu yake. Jambo moja nalisema kwa sauti kubwa: USIKATE FUNDI HALAFU UKAE NA ILE PESA. Hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Ajira, na kwa Mungu lina jina la siku zote, wizi. Afadhali yule ambaye hajaanza kuliko huyo.

Najua pia wateja huwakalia na pesa. Umefunga waya nyumba nzima, mwenyewe yuko Mombasa, anakuambia "wiki ijayo" miezi miwili. Nakuonea huruma kweli. Lakini tatizo linaanzia kwenye kotesheni. Unapopiga bei unahesabu nyaya, bomba, swichi, soketi, mita bodi, mafuta ya pikipiki, hata chai. Uzee wa fundi hauko popote kwenye ile karatasi. Uweke. Na ninyi mnaojenga, mkiona bei imepanda kidogo kwa sababu hiyo, msikimbilie yule wa bei rahisi. Urahisi wake umetolewa mfukoni mwa mtu.

Wale mafundi wa kujitegemea, mnaozunguka wenyewe kutoka Makindu hadi Mtito Andei na toolbox, hamna bosi wa kumlaumu. NSSF ina mpango wa hiari, Haba Haba, kwa watu kama ninyi. Na tangu 2011 kuna mpango wa Mbao, ulioanzishwa kwa ajili ya jua kali kwa wazo la shilingi 20 kwa siku. Mbao moja. Mandazi mawili.

Hesabu sura ya 8 inasema Mlawi akifika miaka 50 anaacha kazi nzito ya hema, anabaki kusaidia ndugu zake. Mungu alijua magoti huchoka. Nchini Kenya mtu wa NSSF anaweza kustaafu mapema akiwa na miaka hiyo hiyo 50, na umri wa kawaida ni 60. Yule mzee wetu mwaka jana akiwa na 60 alikuwa bado juu ya paa.

Sasa neno gumu zaidi, na hili ni langu. Nilipokuwa naandika haya, Roho aliniuliza swali moja: mlinzi wa kanisa je? Na yule mama anayeosha viti kila Ijumaa kwa mwaka wa tisa? Nilitafuta jibu la kiroho nikakosa. Hatujawaandikisha. Tumenunua spika mpya, tumepaka rangi, tumefanya mkutano wa injili wa siku tano, na watu wawili wanaofungua na kufunga nyumba ya Mungu hawana chochote mbele yao. Tuliwaita "watumishi" tusije tukawaita waajiriwa. Naomba msamaha kwao hadharani, kama vile tulivyowakosea hadharani.

Wazee wa kanisa tunakaa Alhamisi saa kumi na moja jioni, na hilo ndilo la kwanza kwenye ajenda, kabla ya mambo ya paa. Jumatatu nitakuwa cyber na vitambulisho vyao viwili. Mkandarasi anayetaka twende pamoja, aje saa tatu asubuhi na vitambulisho vya mafundi wake. Chai nitalipa mimi.

Na wewe ndugu wa ile 5,000, najua unasoma. Sijakufukuza. Mzee bado yuko wodini, na deni halijaisha. Nenda ukamwone kabla ya Jumapili.