Upigaji Picha Usifundishwe Nusu Nusu

Miaka michache iliyopita ofisi moja ya umma katika visiwa vyetu ilitoa picha ya mkutano wa hadhara uliofanyika kijijini. Mwandishi wa safu hii aliuhudhuria mkutano ule, na anakumbuka vyema kwamba watu hawakuwa wengi, kwani ilikuwa siku ya bamvua na akina mama walikuwa pwani katika mashamba yao ya mwani. Katika picha, hata hivyo, uwanja ulikuwa umefurika. Wanakijiji waliipokea katika simu zao, wakaitazama kwa makini, na haikuchukua muda wakagundua kwamba bibi mmoja mwenye kanga nyekundu alikuwa amekaa chini ya mwembe, na papo hapo amekaa kando ya jukwaa, kwa mkao ule ule na mkono ule ule shavuni. Tangu siku hiyo bibi yule huulizwa hali ya pacha wake.

Watu walicheka, na laiti mambo yangaliishia kwenye kicheko. Baada ya wiki chache ofisi ile ile ilitoa tangazo la chanjo ya watoto, likiwa na picha ya mama na mwanawe kituoni. Wapo wazazi waliouliza, na hawakuwa wakitania, kama mtoto yule alichanjwa kweli au alibandikwa.

Kijana aliyeihariri picha ya mkutano aliondolewa kazini. Tulipozungumza naye alieleza kuwa kazi ile alijifunza peke yake, usiku, kwa kutazama wengine wakiifanya katika video za simu. Mkubwa wake alimwambia aongeze watu kidogo, naye akaongeza. Hakuna mwalimu wala kiongozi aliyewahi kumwambia kwamba picha ya habari haiongezwi watu. Mkubwa yule yungali kazini.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu hivi sasa linasemwa sana suala la kuwafundisha wanafunzi upigaji picha wa ubunifu na uhariri wa picha kwa kompyuta. Sisi tunaliunga mkono bila ya kusita. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na aghalabu kila mmoja wao aliondoka na picha zetu: za Mji Mkongwe, za ngalawa, za mama wa Paje na Jambiani waliozama hadi kiunoni katika maji. Hoteli zinahitaji picha, idara za Serikali zinahitaji picha, mkulima wa karafuu wa Pemba anayetafuta mnunuzi ng'ambo anahitaji picha. Si haki kazi hiyo ifanywe na mgeni ilhali kijana wa Makunduchi ana simu mkononi na macho mawili kichwani. Khofu yetu ni moja tu, kwamba somo hili litafundishwa nusu: mwanafunzi ataoneshwa pa kubonyeza, na hapo ataambiwa amehitimu.

Visiwa hivi si vigeni katika fani hii. A. C. Gomes alikuwa na studio mjini Unguja tangu karne ya kumi na tisa. Ranchhod Oza, baada ya kufanya kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika hazijawa hata na televisheni ya nyeusi na nyeupe, Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi. Mafundi wa studio za zamani walijua kurekebisha picha kabla ya kompyuta kuja. Fundi aliichonga penseli ikawa kali kama sindano, akagusa filamu, akalifuta kovu la bwana harusi. Kazi ile ilijifunzwa kwa miaka, ubavuni mwa mkubwa wa kazi, na mwanafunzi alijua mapema ni picha gani inayoguswa na ni ipi isiyoguswa. Ya harusi iliguswa. Ya pasi ya kusafiria haikuguswa.

Leo mkubwa wa kazi hayupo ubavuni, na penseli imekuwa programu ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili anaiweza. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika, na aanze na jicho, kama mtoto wa chuoni anavyoanza na alifu kwa ujiti kabla ya kukabidhiwa juzuu. Jua letu la adhuhuri husimama utosini na kuugeuza uso wa mvaa kofia kuwa shimo jeusi. Mwanafunzi afundishwe kumwita mtu barazani, penye kivuli, au kungoja alasiri. Afundishwe kwamba kamera ya simu hupima mwanga wa jumla: ikijaziwa kanzu nyeupe hupunguza mwanga, na uso wa mwenye kanzu hupotea, dawa yake ni kuugusa uso katika kioo ili kipimo kichukuliwe hapo. Mambo haya hayagharimu senti, na mwenye kuyajua huokoa saa nzima ya kurekebisha.

Kisha uhariri wenyewe. Kuunyoosha upeo wa bahari uliopinda, kukata kingo, kuongeza mwanga palipofifia, hayo ni kuisaidia picha iseme ilichokiona. Kumwondoa mtu aliyekuwepo, au kumleta ambaye hakuwepo, ni jambo jengine kabisa. Baina ya hayo mawili pana mambo yenye utata, na hayo ndiyo yanayostahili kujadiliwa darasani kwa kirefu. Tuseme programu za kurembesha sura, ambazo baadhi yake huipausha ngozi bila hata ya kuombwa. Binti anayeona sura yake ikipauka kila anapojipiga picha anafundishwa jambo na simu ile, na lau mwalimu atanyamaza, simu itabaki kuwa mwalimu wake pekee.

Wapo watakaosema kuwa masharti haya yataua ubunifu. La hasha. Anayetaka kuuchora mnara wa Beit al Ajaib ukiota katikati ya bahari na auchore, tena kwa ustadi, na picha yake itundikwe ikiwa na maelezo kwamba ni kazi ya kubuni. Mtazamaji hadanganywi na ndoto anayoambiwa kuwa ni ndoto. Ubaya huanza pale ndoto inapovalishwa nguo za habari.

Wala tusidhani kosa hili ni la wanagenzi wa visiwani pekee. Mwezi wa Februari 1982 jarida mashuhuri la Marekani, National Geographic, lilizisogeza piramidi za Giza kwa mashine ya kompyuta ili picha iliyopigwa kwa upana iingie katika jalada lililosimama wima. Piramidi zimekaa mahali pake kwa zaidi ya miaka elfu nne, na mhariri akazihamisha mezani kwake. Jarida lile limelazimika kulieleza jambo hilo kwa wasomaji wake hadi miaka ya karibuni. Na wakati ule mashine za namna hiyo zilikuwa za wachache. Sasa akili mnemba humtengenezea mtu yeyote mkutano mzima, na mwembe wake, kwa sentensi moja.

Kwa wanaouliza kama nchi maskini ina nafasi ya kusomesha mambo haya, tunawakumbusha jirani zetu wa Msumbiji. Mwaka 1983, nchi ikiwa vitani na maduka yakiwa matupu, kilifunguliwa Maputo kituo cha kufundishia upigaji picha, na uongozi wake akapewa Ricardo Rangel, mpigapicha aliyekuwa ameyaona magazeti ya wakoloni kutoka ndani. Filamu na dawa za kusafishia vilikuwa adimu. Wanafunzi wa leo hawahitaji filamu wala dawa. Programu ya GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley katika miaka ya 1990, hutolewa bure, kwa hiyo hakuna udhuru wa kuwafundisha vijana kwa programu za wizi huku tukiwahubiria hakimiliki.

Tunachopungukiwa ni walimu na saa katika ratiba. Vituo vya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vinaweza kuanza, kisha skuli za sekondari zifuate. Wanafunzi wapelekwe Nyaraka za Taifa, Kilimani, wakaone jinsi picha nyingi za zama za ukoloni zilivyowaita wazee wetu "mwanamke wa Kiswahili" au "mchukuzi", bila jina, bila kijiji. Wakirudi, kila picha watakayopiga iandikwe jina la mtu, mahali na tarehe, na iombewe ruhusa ya mwenye sura. Picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, na inayohaririwa iwe nakala, ili siku yoyote mtu akiuliza, aoneshwe zote mbili.

Na ndugu zetu wa maofisini nao wakae darasani, japo kwa siku mbili. Kijana aliyefundishwa vizuri akikutana na mkubwa asiyefundishwa, tunajua ni nani atakayetii.

Kijana wa mkutano ule sasa hupiga picha za harusi mjini, na wateja wake humsifu. Picha yake ya zamani imechapishwa kwa ukubwa na kutiwa fremu. Juzi tulipopita katika ofisi ile tuliikuta ingali ukutani, mkabala na mlango, na bibi wa kanga nyekundu yumo mara mbili.