Landrover 109 na IST: nani ataupanda mlima wa Upare?

Wadau, leo nachokoza mada. Pale Same mjini mabishano ya magari hayaishi. Wazee wanaiapia Landrover 109, vijana tunajivunia Toyota IST. Mimi ni kijana, lakini nina neno kwa pande zote mbili.

Kwenye lami kesi imekwisha. IST ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 2002, ina injini ya lita 1.3 au 1.5, kiyoyozi na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva. Landrover 109 ya petroli, yenye injini ya lita 2.25, inakunywa mafuta kama mara mbili, inapiga kelele, na usukani wake unataka kifua. Kutoka Same kwenda Moshi, sioni sababu ya kujitesa.

Sasa iache lami, panda Chome, Mbaga au Mamba wakati wa masika. Hapo IST inalaza tumbo kwenye tope, matairi ya mbele yanazunguka bure. Ile 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndipo jina lilipotoka) iko juu, inavuta kwa magurudumu yote manne, na fundi wa kijijini anaifungua kwa spana, hahitaji kompyuta.

Basi wazee wameshinda? Taratibu! Gari hiyo iliacha kutengenezwa mwaka 1985. Hata Defender ya zamani, mrithi wake, ilifikia mwisho mwaka 2016. Bado gari la wagonjwa likichelewa, mama mjamzito wa mlimani anateremshwa na mkweche huo, bila mkanda, amebanana na magunia ya tangawizi. Hapo hakuna cha kujivunia. Tunaposifia 109 kwamba inapita pasipopitika, tunaizoea barabara mbovu.

Ukongwe una raha yake kwenye tamasha, kama lile la Landrover pale Arusha Oktoba 2024. Mwenye gari alikwenda kwa kupenda. Mpare wa mlimani hana uchaguzi.

Wakubwa wetu nao hupanda na mashangingi, mashimo hawayasikii. Siku moja wapandishwe na IST, mwezi wa nne, ndipo tuzungumze habari ya mitaro, changarawe na zege kwenye miinuko.

Nawasilisha. Wazee wa 109, mnasemaje?