Kufuli ya bure, juu ya nini tunailipia?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi na kwingineko,

Tunasema wazi: ile faktire ya "kufanya upya cheti cha usalama" ambayo vikundi vya vijana, shule na maduka madogo ya miji yetu vinaletewa kila mwaka, mara nyingi ni faktire ya hewa. Wanadai dola makumi, wengine wanapita mia, kwa kitu ambacho tangu mwisho wa 2015 kinatolewa bure kwa mutu yeyote mwenye tovuti. Na anayedaiwa analipa, juu anaogopa. Amefungua tovuti yake, amekuta onyo kwamba muunganisho hauko salama, tekniseni anamwambia: "Mukubwa, leta franga kwanza, njo nitaangalia."

Kutojua njo kunalisha biashara hiyo. Cheti kinaiambia simu ya msomaji mambo mawili: tovuti hii njo ile uliyoandika jina lake, na maneno munayopashana yamefungwa, hakuna wa kuyasoma njiani. Kiko na tarehe ya mwisho sawa vile pasipoti. Tarehe ikipita, Chrome ao Firefox inamzuia msomaji mulangoni.

Wengine wanasema: "Hiyo si kitu, bonyeza tu uendelee." Ushauri huo tunaukataa kabisa, na tunausikia hata kwa watu wanaojiita watetezi wa haki. Anayewaandikia wasomaji wake "bonyezeni, musiogope" anawafundisha kudharau onyo lile lile litakalotokea siku mwizi atakapojiweka kati yao na tovuti, ku wifi ya saiba ao ya hoteli. Msomaji hawezi kuyatofautisha. Na wengi wetu tuko na fomu ku tovuti: jina, namba ya simu, kartiye anamoishi mutu. Mu miji yetu orodha ya majina si kitu cha kuchezea. Hatuna haja ya kueleza zaidi.

Sasa franga. Kuna vitu vitatu, na faktire inavichanganya. Jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, ni kweli. Nafasi inapokaa tovuti, nayo inalipiwa. Cheti, hapana. Let's Encrypt, huduma ya shirika la Marekani lisilotafuta faida, inavitoa bure, na mamia ya mamilioni ya tovuti duniani zinavitumia. Kinafunga maneno kwa nguvu sawa na cha kulipia. Cha kulipia kinaweza kuongeza uhakikisho wa karatasi za kampuni. Benki ikitaka, inunue. Kikundi cha vijana chenye kurasa tano, cha nini?

Watawaambia cha bure kinaisha haraka, siku 90 tu. Kweli, na kiliwekwa hivyo makusudi, ili kompyuta ikifanye upya yenyewe bila mutu kukumbuka. Na hao wauzaji wa cheti cha mwaka muzima watasema nini sasa? Mwezi wa 4, 2025, watoa vyeti na kampuni zenye kutengeneza vivinjari walipiga kura: kuanzia 15/3/2026 cheti kipya hakipiti siku 200, kuanzia 15/3/2027, siku 100, kuanzia 15/3/2029, siku 47. Anayefanya kwa mukono atafanya karibu mara nane kwa mwaka. Utamulipa mara nane?

Kwa hiyo tunaomba kila anayesimamia tovuti, hata asiyejua programu hata kidogo, afanye kazi hii juma hili. Bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti yako, tafuta tarehe ya mwisho ya cheti. Halafu ingia mu paneli ya kampuni inayoihifadhi. Kama ni cPanel, tafuta "SSL/TLS Status". Mara nyingi AutoSSL iko pale, kubonyeza kunatosha. Ikigoma, angalia kama jina la tovuti halijaisha, ao kama halielekei bado ku kompyuta ya zamani. Hiyo njo ya kutengeneza. Kampuni ikikataa cha bure ili iuze chake, hama. Na barua pepe za "cheti chako kinaisha, bonyeza ulipe" zifuteni: Let's Encrypt iliacha kutuma vikumbusho tangu 4/6/2025.

Kama huwezi kuingia mu paneli juu neno la siri liko kwa tekniseni peke yake, basi shida yako si cheti. Tovuti ni ya kikundi, neno la siri likae kwa watu wawili wa komite. Tekniseni alipwe kazi yake (wengi ni ndugu zetu, wako na familia), lakini aandike saa alizofanya, asiandike "cheti". Faktire inayokuja, muulizeni: nani alikitoa, na wewe ulimulipa ngapi? Jina la mutoaji limeandikwa ndani ya cheti chenyewe. Mukikuta ni Let's Encrypt, rudisheni faktire.