Bembea ya Kamba za Nyavu

Sisi tuliokulia Bumbire, kisiwa cha wilaya ya Muleba, hatukuona uwanja wa michezo wenye bembea za mashine. Likizo ya Juni, wakati wa kiangazi, ziwa lilitutosha. Kamba za nyavu zilizochakaa tulizifunga mtini zikawa bembea. Kandambili zilizokatika tulizichonga mashua, tukazishindanisha. Mama zetu walioanika dagaa mchangani walitufukuza kwa vijiti, nao walikuwa na haki, maana tulikanyaga mali yao.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya Mv Bukoba, iliyopakia kupita kiasi, ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa. Tangu hapo wazazi walitukataza maji kabisa. Hofu yao twaielewa, ila katazo lile hatuliafiki: mtoto wa kisiwani asiyejua kuogelea yumo hatarini kila apandapo mtumbwi.

Hivi karibuni mwanachuo wetu, katika mazoezi ya kufundisha, alieleza somo la kuelea kwa kuandika kanuni ya Archimedes ubaoni. Darasa likanakili kimya, na ziwa liko nje ya dirisha! Kwa maoni yetu ingefaa aanze na ile kandambili: aipakie kokoto moja moja, watoto wahesabu hata ipinduke. Ndipo aulize mtumbwi wa kwenda sokoni wastahili abiria wangapi. (Hapo hata mvivu huinua mkono.)

Na siku ya kuogelea, mwalimu atangulie majini yeye mwenyewe, kamba mkononi.