Mwaka 2050 kwa Kiswahili gani?

IPCC, jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia mabadiliko ya tabianchi, lilitoa Februari 2022 sehemu ya ripoti yake ya sita inayohusu athari. Humo tunasoma kwamba tangu 1961 mabadiliko hayo yamepunguza ukuaji wa tija ya kilimo barani Afrika kwa asilimia 34, na kwamba kusini mwa bara ukame utazidi kadiri dunia inavyopata joto. Lubumbashi iko mlangoni mwa kusini hiyo. Jopo hilo hufanya kazi kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo.

Wenzangu wengi watajibu: tafsiri basi, yaishe. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Chukua neno masika. Kamusi za pwani zinatuambia ni majira ya mvua kubwa, Machi hadi Mei. Kwetu mvua huanza karibu na Novemba na kuaga Machi au Aprili. Mei tumeshaingia kiangazi, na usiku kila mtu anatafuta blanketi. Tena, jirani yako wa hapa Hewa Bora ambaye nyumbani kwao wanasema Tshiluba anajua kwamba mashika ni baridi. Mwambie masika yatafupika, halafu umuulize ameelewa nini. Huenda akafurahi!

Neno hewa nalo lina shida yake. "Hali ya hewa" tunaitumia kwa mvua ya leo jioni na pia kwa mwenendo wa miaka 30. Watanzania wameleta tabianchi, neno zuri, lakini sokoni bado ni geni. Ukimwambia mtu wa mtaa wenye jina kama letu kwamba hewa imebadilika, atafikiria moshi wa makala na vumbi la malori.

Gumu zaidi ni maneno ya uwezekano. Kwa wanasayansi hawa kila neno la namna hiyo lina kipimo: moja huanzia asilimia 66, jingine asilimia 90. Sisi tuna labda, huenda, yamkini, na hakuna aliyeyapanga kwa ngazi. Mkulima akisikia "labda mvua zitachelewa", anapanda kama mwaka jana. Nani atamlaumu?

Mambo haya yanafika mpaka kwenye sahani. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa baada ya mahindi kukauka mashambani. Unga mwingi wa bukari yetu hupitia Kasumbalesa, kwa hiyo mbingu ya Zambia ikifunga, mama anayepima unga hapa huyajua mapema kuliko sisi wa kitivo.

Walimu wetu wanaweza kusema tusubiri istilahi sanifu. Tuzipokee zikija, ila zipimwe kwa masikio ya watu wa hapa. Kila mwaka tunaandika kazi za kumaliza masomo juu ya methali zilezile. Mwanafunzi mmoja tu achukue sentensi kumi kuhusu mvua na joto la Afrika, azitafsiri, awasomee wauza unga na wachoma makala, kisha awaombe wamsimulie walichosikia. Arekodi masimulizi hayo, ayalete darasani, tuyajadili pamoja na walimu kabla mvua za Novemba hazijaanza.