Hatari Bila Mzaha Wetu

Mwaka 1934, dunia ikiwa katika mdororo mkuu wa uchumi, Howard Hawks aliongoza Twentieth Century, kichekesho cha watu wa jukwaani ambao hata ndani ya treni hawaachi kuigiza. Utamu wake umo katika majibizano. Baadaye mwongozaji huyohuyo alikuja kaskazini mwa Tanganyika kupiga picha za filamu iliyotoka mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili: Hatari!

Wengi hujivunia jina hilo. Mimi nasema halitoshi. Lugha yetu ilipewa bango, mzaha ukabaki vinywani mwa wageni. Wenyeji hutii amri na kucheza ngoma. Kuchekesha kwa ulimi wao hawakupewa nafasi.

Hapa Karatu, njiani kuelekea Ngorongoro, Mwiraqw, Mdatoga na Mmaasai hukutana sokoni kwa Kiswahili, na utani wao una makali. Nani anauandika? Malenga wenzangu, malumbano yetu ni ya kale kuliko sinema. Basi na tutunge mchezo wa nyimbo na vichekesho kuhusu ukoo mmoja wa wacheza ngoma, kila mtu na kichaa chake. Lugha inayoazimwa jina tu, bila kicheko chake, imefanywa pambo.